Msitu bila daftari hupotea bila habari

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya elimu. Sisemi elimu ya udaktari, uhandisi au sheria, ambayo karibu kila mzazi humwombea mwanawe. Nasema juu ya elimu ambayo kijana akifika nyumbani na kutaja kwamba amechaguliwa kuisomea, wakubwa hutazamana kwanza kabla ya kumpa hongera. Hiyo ni elimu ya usimamizi wa misitu.

"Mwanangu, miaka yote hiyo ya shule ili ukalinde miti?" Hilo ni swali la wazazi wengi wa mkoa wa Tabora, na tena ni swali la haki. Kwao bwana misitu ni yule anayekaa kwenye kizuizi barabarani, mwenye nyundo ya kugonga alama kwenye magogo na kitabu cha stakabadhi mkononi, anayesimamisha baiskeli zenye magunia ya mkaa. Kama kazi yenyewe ni hiyo tu, kweli haihitaji chuo kikuu. Mtu yeyote mwenye kofia na filimbi angeiweza.

Lakini kazi yenyewe si hiyo. Wahenga walituachia methali inayopendwa sana na wenye maduka: mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu nao ni mali. Mtu anayesomea misitu chuo kikuu anajifunza kushika daftari la mali hiyo: kujua iliyopo ni kiasi gani, inaongezeka kwa kasi gani, nani anachukua, na itakwisha lini kama hesabu hazitalingana. Mlinzi humkamata mtu mmoja usiku mmoja. Daftari linaweza kuonyesha upungufu miaka 20 kabla haujaonekana kwa macho.

PORI LENYE HISTORIA

Nimeichagua Tabora kwa makusudi. Karne ya 19 hapa palikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa, ikaingia Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na waya. Njia hiyo hiyo iliwapitisha watumwa waliofungwa minyororo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, pamoja na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872.

Sasa, wasafiri wa Kizungu waliofika Kazeh mwaka 1857, yaani hapa hapa Tabora, waliandika kwamba Unyamwezi ni nchi yenye vijiji vingi na mashamba mapana. Leo kuna sehemu za mkoa huu ambako unaweza kutembea siku nzima ndani ya miombo usione shamba. Je, mashamba yalikwenda wapi?

Jibu lake ni somo la kwanza la misitu. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe kwa wingi katika Afrika Mashariki. Palipokosekana mifugo wa kula vichaka, vichaka vikakua. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Wakati wa utawala wa Mwingereza watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika walihamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale, na nyuma yao pori likafunga. Baadaye sehemu kubwa za pori hilo zikatangazwa kuwa hifadhi za misitu. Kwa hiyo pori tunaloliita la tangu kuumbwa kwa dunia, mahali pengine limeota juu ya mahindi na mtama wa babu zetu.

Mwanafunzi akishayaelewa hayo, hawezi tena kusema kwamba msitu na watu ni maadui wa tangu asili. Msitu wa Tabora umekuwa ukisonga mbele na kurudi nyuma pamoja na maisha ya watu. Kinachotofautisha leo na jana ni kasi.

ANAKWENDA KUSOMA NINI?

Kwa miaka mingi mafunzo ya misitu nchini yalikuwa ya ngazi ya kati, katika chuo cha Olmotonyi, Arusha, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1937. Masomo ya shahada yalianza Morogoro mwaka 1973, katika Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kitivo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya gari Aprili mwaka huo huo. Shahada ya misitu huchukua miaka mitatu. Anayetaka kuingia hana budi kuwa na msingi mzuri wa sayansi, hasa biolojia, na asiwe mtu wa kuikimbia hisabati.

Ndiyo, hisabati. Wengi hudhani bwana misitu ni mtu wa kujua majina ya miti. Majina anajifunza, tena kwa Kilatini, lakini mzee wa Sikonge aliyezaliwa porini atamshinda kwa majina siku zote. Asichokuwa nacho mzee yule ni njia ya kuhesabu miti ya msitu mzima bila kuihesabu yote.

Hebu tuone inavyofanyika. Tanzania ilifanya upimaji mkubwa wa misitu ya nchi nzima ambao kazi yake porini ilianza karibu na mwaka 2010, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wapimaji walikwenda mahali palipochaguliwa mapema kwenye ramani, si mahali pazuri walipopapenda wao, wakaweka kigingi na kuchora duara nne kutoka kigingi hicho. Duara la ndani kabisa lina nusu kipenyo cha mita 1, na humo hupimwa hata kijiti chembamba cha unene wa sentimita 1. La pili ni la mita 5, na hupimwa miti kuanzia sentimita 5. La tatu ni la mita 10, miti kuanzia sentimita 10. La mwisho ni la mita 15, na huko hupimwa miti ya sentimita 20 na kuendelea. Unene hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, ili kila mpimaji apime mahali pamoja.

Kwa nini duara nne badala ya moja? Kwa sababu miti midogo ni mingi na miti mikubwa ni michache. Ukihesabu vijiti vyote katika duara kubwa utakesha. Ukitafuta miti mikubwa katika duara dogo hutaipata. Duara la mita 15 lina eneo la mita za mraba 707 hivi, na hekta moja ina mita za mraba 10,000. Basi kila mti mkubwa uliopimwa humo unawakilisha miti 14 katika hekta. Duara la mita 1 lina mita za mraba 3 na kitu tu, kwa hiyo kijiti kimoja kinawakilisha vijiti zaidi ya 3,000. Mpimaji mvivu anayeruka kijiti kimoja amefuta 3,000 kwenye daftari. Ndiyo maana kazi hii inafundishwa, tena inafundishwa kwa ukali.

Upimaji ule ulituambia kwamba Tanzania Bara ina misitu ya hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya nchi kavu, na kwamba zaidi ya asilimia 90 yake ni mapori ya miti ya kawaida kama miombo ya Tabora, si ile misitu minene ya milimani tunayoiona kwenye kalenda. Ulituambia pia kwamba tunapoteza mamia ya maelfu ya hekta kila mwaka. Kabla ya hapo tulikuwa tunakisia.

HESABU YA KIJIJI KIMOJA

Sasa tulete daftari hili hadi kijijini, maana huko ndiko linakoumiza. Tabora ndio mkoa unaoongoza kwa tumbaku nchini. Ilistawi Urambo baada ya Waingereza kushindwa na mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947, na leo inalimwa Kaliua, Sikonge, Uyui na kwingineko. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, na bani linakula kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Na tuseme ukweli bila haya: ada ya kijana wa Urambo anayekwenda Morogoro kusomea misitu, huenda imetoka kwenye bani. Msitu ndio unaomsomesha mtaalamu wa msitu. Asiyelijua hilo atakuja kuwahubiria wakulima, na wakulima watamsikiliza kwa adabu, kisha watakwenda kukata kuni.

Tuchukue mfano, na huu ni mfano tu wa kujifunzia. Kijiji kina msitu wa hekta 3,000. Tuseme msitu huo unaongeza mita 2 za ujazo za mti kwa kila hekta kwa mwaka. Ongezeko lote ni mita za ujazo 6,000. Kijijini kuna kaya 600, na kila moja inatumia mita 4 kwa mwaka kupikia: jumla 2,400. Kaya 400 kati ya hizo zinalima tumbaku, na kila moja inachoma mita 10 kwenye bani: jumla 4,000. Ukijumlisha unapata 6,400. Msitu umetoa 6,000, watu wamechukua 6,400.

Upungufu ni 400 tu. Nani atauona? Mwaka wa kwanza hakuna atakayeuona, wala wa tano. Kina mama wataanza kusema kuni zimekuwa mbali kidogo. Lakini kuanzia hapo kijiji hakili tena riba, kinakula mtaji. Mtaji ukipungua, ongezeko la mwaka unaofuata nalo linapungua, na pengo linapanuka lenyewe hata kama hakuna kaya mpya iliyohamia. Hii ndiyo maana ya kupotea bila habari.

Daftari hilo hilo linaonyesha pia mlango wa kutokea. Mabani yakijengwa upya ili yatumie kuni pungufu kwa robo, mita 1,000 zinaokolewa, na matumizi yanashuka hadi 5,400. Kijiji kimerudi upande wa salama bila mtu kukamatwa na bila kung'oa shamba hata moja. Wakulima wakiongeza mashamba ya miti inayokua haraka, nafuu inakuwa kubwa zaidi. Watafiti wa Tumbi, nje ya mji wa Tabora, walijaribu kuotesha miti ya akasia kutoka upande wa Australia pamoja na mahindi kwa miaka ya mwanzo, kisha kuiacha ikue, na ndani ya miaka mitano hivi ikawa tayari kwa kuni. Mkulima haachi kulima. Anabadilisha mpangilio wa shamba tu.

MNINGA HAUNA HARAKA

Si kila mti unaweza kungojewa miaka mitano. Mche wa mninga, kwa miaka kadhaa ya mwanzo, hufa juu kila kiangazi na kuchipua upya mvua zinaponyesha, huku mzizi ukinenepa chini kwa chini. Mpita njia akiona kimche chenye majani machache hudhani kimeota mwaka huu, kumbe huenda kina umri wa mtoto wa darasa la pili. Baada ya hapo mti hupanda polepole, na hadi ufae kupasuliwa mbao unaweza kufikisha miaka 80 au 100. Mninga unaoangushwa leo huenda ulikuwa mche wakati reli kutoka Dar es Salaam inaingia Tabora mwaka 1912. Kitanda tunakiagiza leo kwa fundi na kukipata mwezi ujao. Msitu uliagizwa na watu ambao hatuwajui.

Kwa upande mwingine, mtundu na muyombo ni miti yenye roho ngumu. Ukiukata, kisiki huchipua. Kwa hiyo shoka peke yake haliui miombo. Kinachoua ni kung'oa visiki, kulima hapo hapo mwaka hadi mwaka, kulisha mifugo kupita kiasi juu ya machipukizi, na moto wa mwisho wa kiangazi. Moto nao una elimu yake. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado zina unyevu, hupita chini kwa upole. Moto wa Septemba au Oktoba, nyasi zimekauka kabisa, huunguza hadi machipukizi. Mtu yule yule, kiberiti kile kile, lakini mwezi ni tofauti.

WATU NDANI YA DAFTARI

Ndugu wasikilizaji, kuna somo moja ambalo zamani halikutiliwa uzito katika elimu ya misitu, nalo ni somo la watu. Bwana misitu wa kikoloni alifundishwa kuweka mpaka na kuwatoa watu nje ya mpaka huo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua ukurasa mwingine: kijiji kinaweza kutenga msitu wake chenyewe katika ardhi ya kijiji, kikautungia sheria ndogo, kikausimamia na kunufaika na mapato yake. Lakini sheria inataka mpango wa usimamizi, na mpango unataka vipimo. Nani atakaa na kamati ya kijiji chini ya mwembe, awafafanulie duara zile nne kwa Kiswahili au Kinyamwezi chepesi, mpaka wazijue wenyewe? Hapo ndipo kijana wetu anapohitajika.

Naye hana budi kujua kwamba msitu una wenyewe wengi. Yumo mrina asali, anayekaa kambini porini kwa majuma na kutegemea maua ya mtundu na muyombo. Huyo ni rafiki wa msitu, ingawa mzinga wa gome alioupenda babu yake unauua mti uliochunwa, na hilo nalo lina dawa: mizinga ya mbao. Yumo mfugaji aliyetoka kaskazini na ng'ombe wake. Yumo mchoma mkaa, ambaye mteja wake ni mimi na wewe tulioko mjini.

Jirani zetu wa Shinyanga walitupa mfano mzuri. Huko miti ilifyekwa kwa wingi enzi za ukoloni ili kumfukuza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamalizia iliyobaki. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI na ulioendelea hadi mwaka 2004. Mafanikio yake makubwa hayakutokana na miche ya vitaluni peke yake. Yalikuja pale wataalamu walipowasikiliza wazee wa Kisukuma na kuirudisha ngitili, desturi ya kufunga sehemu ya malisho ili nyasi na miti vipumue. Malaki ya hekta yakarudiwa na miti. Elimu ya kitabu ilikutana na elimu ya mzee, kila moja ikapata ilichokikosa.

KAZI IKO WAPI?

Mzazi bado ananingoja na swali lake: atakula nini? Sitamdanganya. Zile enzi ambapo kila aliyehitimu alikuta barua ya kazi serikalini zimepita. Wakala wa Huduma za Misitu, ulioanzishwa mwaka 2010, unaajiri, halmashauri zinaajiri, taasisi ya utafiti wa misitu inaajiri, lakini nafasi ni chache kuliko vijana. Kwa hiyo kijana asiende Morogoro akiwa na ndoto ya meza na kiti tu.

Lakini kazi imeongezeka nje ya ofisi. Vijiji vinavyotaka kutenga misitu yao vinahitaji wapimaji. Wakulima wa tumbaku wanatakiwa kupanda miti, na miti hiyo inahitaji vitalu. Asali na nta vinahitaji watu wa kusimamia ubora. Wilayani Tanganyika, mkoa wa Katavi, vijiji vimelipwa fedha kwa kutunza misitu inayohifadhi hewa ya ukaa, na malipo hayo hayatoki bila daftari lenye vipimo vinavyoweza kukaguliwa. Tena si lazima kila mmoja aende chuo kikuu. Olmotonyi ipo, na hapa hapa Tabora kipo Chuo cha Ufugaji Nyuki, chenye mafunzo ya cheti na stashahada. Wapo wazazi wanaopita langoni pake kila siku ilhali watoto wao wamekaa nyumbani.

Ombi langu la juma hili basi ni fupi. Mtoto akileta barua ya kuchaguliwa kusomea misitu, msimpokee kwa ukimya. Muulizeni hisabati zake zikoje, na kama yuko tayari kulala porini na kuzungumza na wazee. Akijibu ndiyo, mpeni baraka. Na wewe kijana, ukimaliza, usisahau njia ya kurudi. Morogoro kuna msitu wa chuo wa kujifunzia, lakini vijiji vyenye mabani, mizinga na visiki vinavyochipua viko huku kwetu, na daftari la wengi wao bado halijafunguliwa ukurasa wa kwanza.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia kazi njema.